Mbwa Asiyebweka wa Ghorofa ya Pili

Miaka hiyo ya tisini, Kericho, hakuna mtu aliyechagua mbwa. Mbwa alikuja tu. Alifuata watoto kutoka sokoni, au jirani alikuletea ndani ya gunia kwa sababu mama yake amezaa tena, na ukimpa ugali wa jana akakaa, basi huyo ni wako. Mimi nilichagua. Niliuliza, nikazunguka, nikakataa watatu, nikamchukua wa nne. Walionicheka wakati ule bado wananicheka kwenye harusi na matanga. Wacheke. Hasira yangu haiko kwao.

Hasira yangu iko kwa ndugu yangu wa mwisho, kitindamimba wa nyumba yetu.

Kwetu Wakipsigis, mama mzee ni wa kitindamimba. Wakubwa wanaoa, wanapewa sehemu zao, wanahama. Mdogo anabaki kwenye boma la mama na kumtunza hadi mwisho. Sina ugomvi na desturi yenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba ndugu yangu alibaki na boma, akabaki na ng'ombe, akasahau kile kipande cha kutunza. Mama alianza kujigonga kwenye milango. Alimwaga maziwa nje ya kibuyu. Mke wa ndugu yangu akasema mama amezeeka, ndugu yangu akasema mama amezeeka, na yakaishia hapo. Nilipoenda nyumbani Chebunyo kwa Krismasi nilimkuta akipapasa ukuta wa nyumba aliyoikandika kwa mikono yake mwenyewe, akitafuta mlango. Nilifunga nguo zake ndani ya shuka na kuondoka naye kabla chakula hakijaiva.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, alisema, lakini dawa ya matone, asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja, itashikilia kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia liliona mtu akisimama mbele yake, liliona dirisha, liliona rangi ya kikombe. Niliapa kwamba hicho kidogo hakitapotea mikononi mwangu. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini, sina mume, sina mtoto, nina vyumba viwili ghorofa ya pili juu ya duka la misumari na mabati. Mama angekaa kwangu.

Shida ilikuwa kwamba mama hakutaka kukaa.

Hakulalamika, na afadhali angelalamika. Nilimtia dawa asubuhi, nikaenda kazini, nikarudi jioni nikamkuta kwenye kiti kilekile, mikono mapajani, chupa ya chai haijaguswa. Nyumbani alikuwa na kuku, ndama, na mbwa mzee wa kijivu aliyelala mlangoni kwake mpaka akafa. Aliongea nao mchana kutwa. "Nyumba yako iko kimya sana," aliniambia kwa Kikipsigis, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. "Nikisema neno, linanirudia mwenyewe." Kila Jumapili baada ya kanisa alifunga nguo zake ndani ya ile shuka na kuiweka karibu na mlango. Kila Jumapili mimi niliifungua na kuzirudisha kabatini. Hatukulizungumza. Nilijua tu kwamba siku moja ningerudi kutoka kazini nikute ameshuka zile ngazi peke yake, na kwamba Chebunyo hakuna mtu wa kumtia dawa.

Ndipo nikaamua kumtafutia mama mbwa. Nilianza kwa mwenye ploti, mwenye lile duka la chini na vyumba vyote vya juu, kwa sababu nilitaka kufanya mambo kwa heshima.

"Madam, mimi sikatai mbwa," alisema, akipima misumari kwenye mizani yake. "Nakataa kelele. Huko juu kuna watu wanafanya kazi ya usiku kwa faktari, wanalala mchana. Siku ile hiyo mbwa itabweka, hiyo siku mnahama pamoja."

"Na kama haibweki?"

Alicheka mpaka akaacha mizani. "Kama haibweki, kaa nayo mpaka Yesu arudi."

Nilimwambia nimesikia.

Mbwa wa kwanza aliletwa na mfanyakazi mwenzangu kutoka kwao Kiptere, mtoto mweusi mwenye madoa, mzuri. Alimbwekea kila mtu aliyepanda ngazi, kisha akaubwekea mlango kwa sababu watu waliacha kupita. Alirudi kwao kesho yake. Wa pili nilitafutiwa na askari wa benki, aliyeniambia ni wa ukoo wa mbwa wa polisi. Alikuwa bado anakua na tayari akilala anaziba njia ya jikoni. Wa tatu alikuwa wa familia moja ya Wahindi wenye duka la vitambaa, yule mbwa mrefu wa mwili mwenye miguu mifupi, tumbo linafagia sakafu. Nilidhani nimepata. Kumbe wenye umbo hilo ngazi zinawaumiza mgongo, na sauti yake ilikuwa ya mbwa mara tatu yake. Wahindi wenyewe walinionea huruma.

"Wewe unatafuta mbwa ama unatafuta bwana?" aliniuliza mama mmoja wa ofisini kwetu, mtu wa upande wa ziwa, ambaye mume wake alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai. "Unakagua sana." Lakini ni yeye aliyeniambia kwamba mke wa meneja wa shamba lao anarudi kwao Ulaya, anagawa vitu, na ana mbwa ambaye watu wa kambini wanasema ni bubu.

Nilienda. Mzungu alinihoji kwenye veranda, katikati ya masanduku, mimi nimesimama. Aliuliza kama nina kiwanja. Aliuliza kama nitampiga mbwa. Aliuliza kama nitampa nyama au nitampa ugali kila siku, kwa sababu watu wa hapa, alisema, hawajui kufuga mbwa. Nyuma yake mpishi wake alikuwa akikunja magazeti na kufunga vikombe, uso wake hauna habari. "Na nani atapenda yeye?" aliuliza. Nikamwambia mama yangu. Akauliza mama yangu ana uzoefu gani. Mama yangu amelea watoto sita na ng'ombe wasiohesabika, lakini nilisema tu ana uzoefu, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona mbwa.

Alikuwa mwekundu kama udongo wa Kericho, kifua cheupe, masikio wima, paji la uso limejaa mikunjo ya mtu mwenye mawazo, na mkia umejikunja juu ya mgongo kama mkono wa kikombe. Wanaitwa basenji, alisema mzungu. Hawabweki. Hujiramba kama paka na hawana harufu. Asili yao ni Kongo, na mama yake mwenyewe alifuga mmoja ndani ya ghorofa huko kwao bila jirani kujua. Hata hilo liliniudhi. Mbwa wa Kongo amezunguka mpaka Ulaya, kisha mimi nakuja kuhojiwa nimesimama ili nimpate Kericho. Nilimshukuru, nikamchukua, nikaenda zangu.

Mama alimpokea kwa mikono. Alipapasa masikio, akapapasa mikunjo ya paji la uso, akapitisha kiganja mgongoni mpaka akafika kwenye mkia, akasimama hapo.

"Huyu alifungwa mkia na nani?" aliuliza, kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike baba. Mbwa alinusa magoti yake, akazunguka, akajilaza juu ya miguu yake, na hapo ndipo alipochagua kukaa siku zote.

Kweli hakubweka. Nilipofungua mlango jioni alitoa sauti ndefu ya kooni, inapanda na kushuka, na mama alimjibu kwa sauti hiyohiyo, nikawa na nyumba ya wendawazimu wawili. Alichukia mvua. Kericho mvua inanyesha karibu kila alasiri, na mbwa huyu akiona tone moja alisimama kwenye ngazi ya mwisho, akainua mguu mmoja, akanitazama kama mimi ndiye niliyeimwaga. Mama alimsikia akirudi mbio juu akamgombeza: "Sasa ulikuja Kericho kufanya nini?" Alimsimulia mambo ya ujana wake ambayo mimi sijawahi kuambiwa. Alianza kunywa chai yote. Shuka ilikaa kabatini, Jumapili ikapita, na nyingine ikapita. Tuliporudi kwa daktari alisema presha imeshuka na jicho la kulia limesimama palepale lilipokuwa. Siku hiyo nilinunua kuku.

Kisha wakaja wanawake wa ushirika kumwombea mama. Waliimba vizuri, waliomba vizuri. Nilipika chai ya maziwa, nikamimina, na ndipo mmoja wao akamwona mbwa chini ya sketi ya mama. Aliinua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni.

"Mbwa ni wa nje," alisema.

"Huyu ni wa ndani," nikasema.

Hakuna aliyegusa kikombe. Watu wanaoishi kwa majani chai, ambao mtu akiwafia wanapikiana chai na akizaliwa wanapikiana chai, walikaa mbele ya chai yangu mpaka ikafanya ngozi juu. Mama alikunywa yake polepole, akaomba aongezwe. Walipoinuka nilimwaga vikombe vyao kwenye sinki wakiwa bado mlangoni, nikahakikisha wamesikia maji.

Habari ilifika Chebunyo kabla sijamaliza kuosha vyombo. Huko ilikuwa imekua: mama yule analala na mbwa kitandani, kitindamimba wake amemtupa mjini kwa binti asiye na bwana. Ndugu yangu hakuwa amewahi kuuliza macho ya mama yanaendeleaje. Hilo la kutupwa ndilo lililomuuma.

Karibu na wakati huo nguo ziliibiwa. Ploti yetu ilikuwa na kamba za kuanika kwa nyuma, na asubuhi moja kamba zilikuwa tupu. Jioni wapangaji walikusanyika kwenye ngazi, mwenye ploti katikati.

"Iko mbwa kwa hii ploti na watu wanaibiwa," alisema jirani yangu wa chini. "Hiyo mbwa inakula ya nini?"

"Mbwa haibweki si mbwa," mwingine akasema. "Hiyo ilifungwa mdomo na mtu. Mimi watoto wangu wanaogopa."

Nilimgeukia mwenye ploti. "Ulisema ikibweka tutahama. Imebweka?"

"Madam, hiyo ndio shida," alisema, na hakuona haya. "Haijabweka."

Nilimkumbusha maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Akaniambia wakati ule alikuwa anaongea juu ya mbwa, na hii ni kitu ingine. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Niliwaambia mambo pale ngazini ambayo sitayaandika, na siyajutii. Kisha nikaanza kutafuta nyumba. Kila ploti niliyoingia mazungumzo yalikuwa yaleyale. Nina mbwa. Anabweka? Habweki. Sasa ni wa nini?

Ndugu yangu alikuja siku ya kazi, mimi nikiwa ofisini. Mwenye ploti alimwonyesha mlango mwenyewe. Alimwambia mama kwamba amesikia shida yetu na amekuja kusaidia. Atampeleka mbwa Chebunyo, akae na mbwa wenzake, ajifunze kubweka kidogo, kiasi tu cha kuwaridhisha wapangaji, kisha atamrudisha. Mama alimwamini, kwa nini asimwamini, ni mtoto wake. Ni mama aliyemshika mbwa wakati anafungwa kamba.

Jioni nilimkuta mama amekaa, miguu mitupu juu ya saruji baridi. "Mdogo wako amemchukua akamfunze," alisema. "Atamrudisha lini?"

Nilijua hatamrudisha. Jumamosi nikaenda Chebunyo.

Mbwa alikuwa amefungwa kwa waya kwenye nguzo ya lango. Mdomo umevimba, macho yanatoa maji, kwa sababu ndugu yangu alimchanganyia pilipili kwenye ugali, ile dawa ambayo kwetu mtu humpa mbwa ili awe mkali. Na mkia haukuwepo. Palikuwa na kigutu kilichopakwa majivu, nzi wamejaa.

Ndugu yangu hakuficha. Alikuja kunipokea akitabasamu, kama mtu aliyenifanyia hisani.

"Mkia ya kujikunja ni ya nguruwe, sister," alisema. "Na pilipili inafungua koo. Akikaa na wenzake ataongea tu."

"Namrudisha kwa mama."

"Leta mama hapa." Tabasamu liliondoka. "Mbwa iko hapa, ng'ombe iko hapa, nyumba ya mama iko hapa. Ni wewe tu unaishi kwa nyumba ya watu. Unajua wananiitaje kanisani? Unajua wananiitaje kwa mnada? Mama ni wangu mimi."

"Dawa atamtia nani?"

"Bibi yangu hana mikono?"

Nilimfungua mbwa kwenye waya. Hakunizuia. Alisimama langoni mikono mfukoni, na nilipogeuka nilimwona bado amesimama vile, hana haraka yoyote.

Mama alimpapasa kama siku ya kwanza. Masikio, mikunjo, mgongo. Kiganja kikafika mwisho, kikatafuta, kikarudi nyuma, kikatafuta tena. Nilimwambia kila kitu, waya, pilipili, majivu, na yale maneno ya langoni. Sikupunguza. Nilitaka akasirike. Nilitaka hasira yake ikae upande wangu, tumchukie yule mtu pamoja.

Alimwacha mbwa ajilaze tena juu ya miguu yake.

"Nirudishe nyumbani," alisema.

"Mama, macho."

"Macho ni yangu, chepto." Chepto ni msichana, aliniita hivyo aliponionea huruma. "Hapa wanamfukuza kwa sababu hasemi, na wewe pamoja naye. Na mdogo wako atakuja tena. Leo amekata mkia. Mimi ndiye anayenitaka, basi anipate, aache kukata."

Nilibishana naye mpaka sauti ikaniisha. Nililia, nikapiga meza. Jumapili alifunga shuka yake, na safari hii nilipoifungua aliifunga tena mbele yangu.

Nilimpeleka mimi mwenyewe, pamoja na mbwa, pamoja na chupa za dawa. Nilimkalisha mke wa ndugu yangu, nikamwonyesha. Kichwa nyuma, vuta kope la chini, tone moja, afumbe, asipanguse. Nilimfanya arudie mbele yangu asubuhi na jioni mpaka akaudhika. Ndugu yangu alichinja mbuzi. Aliwaita watu wa kanisa na majirani waje waone kwamba mama amerudi. Alisimama na soda mkononi akamshukuru Mungu kwamba mzee wetu sasa yuko chini ya mkono wa kitindamimba, kama inavyotakiwa, na watu wakasema amina, midomo imejaa nyama. Mama aliingia nyumbani kwake na mbwa akaingia naye. Siku hiyo hakuna aliyesema mbwa ni wa nje. Walikuwa wamepata walichotaka.

Mvua za masika ziliharibu barabara, na ofisini walininyima ruhusa. Nilipofika tena Chebunyo mahindi yalikuwa yamenipita kichwa. Nilienda moja kwa moja kwenye rafu ya dawa. Chupa moja ilikuwa nusu. Nyingine zote zilikuwa na vifuniko vyake vile vilivyotoka dukani, havijafunguliwa.

"Ilikuwa inamwasha," mke wa ndugu yangu alisema, akitazama sufuria yake. "Tukaambiwa tuache."

Aliyemwambia aache alikuwa nje kwenye kigoda, anakunywa chai. "Dawa ya kila siku ni mambo ya watu wa town," alisema kabla sijamuuliza. "Mama ako sawa. Anakula, anashika kikombe mwenyewe. Muulize."

Mama alikuwa amekaa nje ya mlango wake, hatua chache kutoka kwa ndugu yangu, jua limempiga usoni na kifuani, mbwa amejinyoosha juu ya miguu yake. Aliposikia sauti yangu aliinua uso, akauelekeza kwenye boma la ng'ombe, upande ambao sikuwepo. Alinyoosha mkono nikaushika.

"Umekuja usiku hivi, chepto?" alisema. "Hukuogopa njia?"

Nilimgeukia ndugu yangu, nikamtazama yeye, ndipo nikajibu.

"Si usiku, mama," nilisema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa majirani. "Ni mchana. Jua linawaka."

Mama aliuachia mkono wangu. Akaleta kiganja chake taratibu mbele ya jicho la kulia, akakisogeza karibu, akakirudisha mbali, akakisogeza karibu tena. Ndugu yangu alipuliza chai yake, akanywa.